Godoro la kambi: usilinganishe namba kabla ya kujua zimepimwaje

Namba ya kwanza kuitazama ni R, yaani jinsi godoro linavyozuia ardhi isinyonye joto la mwili. Ndiyo pia inayopotosha zaidi, kwa sababu zamani kila kampuni ilijipimia kivyake. Mwaka 2018 kikatoka kipimo cha pamoja, ASTM F3340: godoro hujazwa hewa, likabanwa kati ya bamba la juu la nyuzi 35 na la chini la nyuzi 5, kisha huangaliwa nguvu ya umeme inayotumika kulinda joto la lile la juu. NeoAir XLite ya Therm-a-Rest iliwahi kuandikwa 3.2, kwa kipimo kipya ikasomeka 4.2. Kwa hiyo lebo isiyotaja F3340, hasa ya godoro la mtumba, usiiweke mzani mmoja na lebo mpya.

Ukikuta R ya 0.7, huenda ni ya metriki, si ya vipimo vya Kimarekani vinavyotumika kwenye lebo nyingi. Zidisha kwa 5.68, utapata karibu 4. Maneno kama “hadi nyuzi -10” yapuuze. Hayo hutegemea begi la kulalia, nguo na mlalaji mwenyewe.

Kwenye uzito ndiko ujanja ulikojaa. Kampuni moja hutaja godoro tupu, nyingine hujumlisha mfuko, viraka na pampu. Weka vyote kwenye mzani wa jikoni, kisha gawanya kwa eneo. Gramu 480 kwa sentimita 183 × 51 ni kama gramu 514 kwa mita ya mraba. Gramu 540 kwa 196 × 64 ni 430 tu. Hilo “zito” ndilo jepesi. (Kama miguuni ni jembamba kuliko mabegani, hesabu hii hailifai.)

Upana upime likiwa limejaa. Baadhi hupimwa likiwa bapa, na likijazwa kingo hujikunja ndani, sentimita kadhaa zikapotea. Anayelala ubavu atazitafuta usiku.

Kwa kambi zenye mawe kama Barafu, Kilimanjaro, sponji ya R 2 chini ya godoro la hewa la R 2.5 hutoa takriban 4.5, maana R hujumlishwa, na mawe hayaligusi la juu. Likilegea usiku wa manane usikimbilie viraka: hewa ya vuguvugu uliyoipuliza jioni imesinyaa kwa baridi. Ongeza kidogo kabla ya kulala, likishapoa.