Jibu: Madoa meupe kwenye meno ya mtoto wa miaka 2

Waalaikum salaam dadangu. Umesema mwanao ana madoa meupe meno ya mbele ya juu, na hulala na chupa ya chai ya maziwa. Anza na hiyo chupa. Wangu hapa Lamu alikuwa vivyo hivyo.

Mwinue mdomo penye mwanga. Mstari kama chokaa kando ya ufizi ni jino linaanza kuoza, na bado unazuilika. Ukiona rangi ya kahawia au tundu, kamwone daktari wa meno, kwani kwa macho hatujui limeingia kiasi gani.

Usiku ni maji matupu. Wangu alilia siku tatu, nyanyake akaninunia, tukavuka. Mswaki mara 2, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele, msugue mwenyewe. Halua? Baada ya chakula, si kila saa.