Kaa Buibui: Mbona Miguu Imepukutika?

SWALI: Jarife langu lilinasa kaa mwenye miguu myembamba, mgongo umejaa vipande vya mwani na sifongo. Nilimtumbukiza mzima kwenye spiriti nimkaushie watoto wa shule. Akapukutisha miguu, na siku ya 3 akanuka. Ni kaa buibui? Nimesoma pia kwamba jenasi moja (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya kaa hao ina spishi hai na zilizotoweka. Imekuwaje?
Msomaji, Tongoni, Tanga

JIBU: Mtazame mgongo kwa lenzi. Ukiona vinywele vilivyopinda kama ndoana, ndiye. Hukata mwani kwa gando, huutafuna ncha, kisha husugua mgongoni mpaka unase. Yule anayejitwika sifongo moja kama kofia na kuishikilia kwa miguu ya nyuma ni kaa mwingine.

Kosa ni kumtia spiriti angali hai. Kila mguu una mahali pake pa kukatikia, karibu na kiwiliwili, na kaa akitaabika huuacha kama mjusi aachavyo mkia. Mwingine akipatikana, mlaze kwenye friza usiku kucha, ndipo umsuuze kwa maji baridi. Inua gamba la mgongo kwa kisu butu kuanzia nyuma, toa matamvua na ule uji wa kahawia. Harufu hutoka humo. Mloweke siku 3 katika vikombe 3 vya spiriti ya asilimia 95 na kikombe 1 cha maji. Kisha mnyooshe ubaoni, pini ubavuni mwa kila mguu bila kuutoboa, kivulini penye upepo, kama wiki 2. Wakati wa masika ongeza siku. Akishakauka, rudishia gamba kwa gundi. Rangi itapauka na sifongo itasinyaa, kwa hiyo mpige picha angali mbichi.

Jenasi ni kama nyumba moja: wengine wamekufa, mmoja yu hai. Macrocheira ndiyo hiyo uliyoisoma. Aliye hai yuko Japani, miguu ikinyooshwa hufika mita 3.7 ncha hadi ncha. Nduguze ni visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, katika miamba ya Japani na ya jimbo la Washington, Marekani. Wako si wa nyumba hiyo. Visukuku vya kaa mara nyingi ni gamba na vidole vya magando tu, sehemu zenye chokaa nyingi, maana maungio laini huoza mapema. Basi spishi hutambuliwa kwa umbo la gamba na miiba yake. Unapomsafisha wako, usiivunje miiba hiyo.