Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

SWALI: Nimeigawanya 4,294,967,297 kwa 3, 7, 11, 13 na namba tasa nyingine zote zisizozidi 100, na kila mara imebaki baki. Je, naweza kusema kuwa nayo ni tasa?

JIBU: Hapana, ingawa kosa hilo lilimpata hata Pierre de Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa wa karne ya 17. Namba yako ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Fermat aliona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65,537, zinazopatikana kwa kuongeza 1 kwenye 2 yenye vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, zote ni tasa, akaamini kuwa mfuatano huo hautakatika. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa namba yako ni 641 mara 6,700,417, na vigawo vyote viwili ni tasa.

Baadaye Euler alithibitisha jambo linalopunguza kazi mno: kila kigawo tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakishe 1. Kwa hiyo majaribio yako yote, samahani kusema, hayakuwa na nafasi ya kufaulu, kwa kuwa namba tasa ya kwanza yenye sifa hiyo ni 193. Zinazofuata ni 257, 449 na 577, ambazo pia hazigawi, kisha ndiyo inakuja 641.