Nani anahesabu vitambaa? Maswali yenu kuhusu thieta

Mama yangu anafanyiwa upasuaji wa nyonga, kila anayeingia anamuuliza jina na anafanyiwa nini. Mbona kama hawajui kazi?

Wangenyamaza ndo ungekuwa na wasiwasi. 2007 pale Muhimbili wagonjwa wawili walibadilishwa, aliyekuja na goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti, halafu 2018 Kenyatta kule Nairobi fuvu la mtu likafunguliwa, damu iliyoganda ikatafutwa haipo, kumbe mwenye damu yuko wodini. Kupasua walikuwa wanajua vizuri tu, kilichoharibika ni kule kupokezana mgonjwa, wodi kwenda thieta, lebo, faili, kila mtu anaamini aliyemtangulia kashahakikisha. Kwa hiyo mama ajibu hata mara kumi, na wakimwita asiitikie tu "ndiyo", ataje jina lake lote mwenyewe.

Hii cheklisti ya WHO (Shirika la Afya Duniani), ile orodha ya maswali ya usalama thieta, inasaidia kweli au makaratasi tu ya wazungu?

Wazungu gani jamani, Ifakara yetu ilikuwemo kwenye jaribio! Hospitali nane za miji nane duniani, Toronto, London, Manila na wengine, matokeo yakatoka 2009: vifo vilishuka toka 1.5 mpaka 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Maswali 19 tu, kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu, kabla ya kutoka thieta. Sasa ikaja Ontario, Kanada, hospitali 101 zikaanza kuitumia na utafiti wa 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiwango cha maana. Wengine wakasema basi haifai. Mimi nasema inategemea inavyofanywa, nishaona kwa macho yangu fomu imetikiwa yote mgonjwa bado yuko koridoni, hiyo itamsaidia nani? Karatasi ni kisingizio cha kufanya watu waongee, wasipoongea inabaki karatasi.

Bingwa wetu ni mkali balaa, nesi akiona kosa atathubutu kusema?

Hapo umegusa kidonda. Wengi hawathubutu, na usiwalaumu haraka, ukishafokewa mbele ya watu mara mbili ya tatu unakaa kimya. Ndo maana kabla ya kuchana ngozi kila mtu anatakiwa ataje jina na kazi yake, inaonekana utoto lakini ukishasikia sauti yako mle ndani kuongea tena ni rahisi. Marekani hospitali za maveterani, yaani wanajeshi wastaafu, zilifundisha timu zao kuongea hivi, matokeo ya 2010, hospitali 74 zilizofundishwa vifo vilipungua 18%, ambazo hazijafundishwa 7%. Na nesi akisema hesabu ya vitambaa, vile vya kufyonzea damu, haijatimia, hakuna kushona, hata bingwa awe nani, kitafutwe.

Shemeji alipasuliwa salama, akafariki siku ya tatu wodini. Inakuwaje?

Poleni sana. Kesi ya shemeji siijui ila sio ajabu, na hili halisemwi vya kutosha. Utafiti wa nchi 25 za Afrika uliotoka 2018 ulikuta zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 waliofariki walifariki baada ya siku ya upasuaji, yaani thieta walitoka hai. Mtu anaanza kuvuja damu ndani taratibu au homa inapanda, presha inashuka saa nane usiku, na nesi ni mmoja wodi nzima. Ulaya walikuta kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa nesi hatari ya wagonjwa kufa inapanda kama 7%. Sasa hesabu mwenyewe wodi zetu.

Niulize nini kabla ya kusaini?

Damu ipo? Mtaalamu wa usingizi ni nani, atakuwepo mpaka mwisho? Na usiku huo mgonjwa wangu ataangaliwa na nani, kila baada ya muda gani? Hilo la mwisho wengi hawaulizi, ulizeni.