Kwa anayesema maktaba ni anasa: habari ya bibi yangu ngumbaru

Mkuu, umeuliza kwa nini halmashauri itenge fedha za maktaba wakati zahanati haina dawa, ukamalizia kwamba hadithi hazijazi tumbo. Nakuelewa. Mama yangu mdogo ni nesi, najua zahanati isiyo na dawa ikoje. Ila ngoja nikusimulie ya kwetu Ukerewe.

Bibi mzaa mama alikuwa ngumbaru. Vijana wa sasa mnamwita hivyo mtu mzito wa kuelewa. Enzi zile ndilo jina la watu wazima waliokwenda kisomo, na yeye alilibeba bila aibu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, na Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya chache zilizotakiwa kufuta ujinga kabla 1971 haijaisha. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kufikia 1986 serikali ilihesabu wamebaki chini ya asilimia 10. Hiyo hesabu ya mwisho mimi huipokea kwa tahadhari, na sababu nitaitaja.

Darasa lilikuwa jioni chini ya mwembe, watu wakitoka shamba na jembe begani. Vitabu vilifuata kazi ya mahali: kwetu Kanda ya Ziwa pamba, Bukoba migomba, wafugaji ng'ombe. Kilikuwa kisomo chenye manufaa. Bibi alikuwa akicheka kwamba amefundishwa kupalilia pamba na kitabu, wakati yeye alipalilia kabla aliyekiandika hajaota meno.

Kilichomnogea hakikuwa pamba. Mjomba alikuwa kibarua bandarini Dar, na barua zake zilisomwa na jirani. Kwa hiyo kijiji kizima kilijua ametuma shilingi ngapi na ana ugomvi na nani. Barua ya kwanza ambayo bibi aliisoma mwenyewe, alijifungia ndani mchana kweupe, akatoka baada ya saa nzima, na walipomuuliza mjomba anasemaje akajibu, "Anawasalimu." Basi. Ukiniuliza haki katika sera ni nini, mimi mawazo yangu huenda kwenye mlango ule uliofungwa.

Mimi nilimkuta tayari msomaji. Tukienda soko la Nansio alisoma kanga za watu mgongoni, midomo ikicheza. Siku moja tuko nyuma ya mama mmoja mwenye "Japo sipati tamaa sikati", bibi akaangua kicheko hadi yule mama akageuka, wakaishia kucheka wote na kununua dagaa pamoja.

Sasa njoo kwenye tatizo. Serikali ilimfundisha kusoma, lakini cha kusoma kikawa shida. Vitabu vya kijiji vilikuwa kabati moja, na ufunguo ulisafiri na mwenye ufunguo. Miaka ya themanini uchumi ukaanguka, karatasi ikawa adimu kama sabuni. Ndiyo maana siiamini sana ile asilimia: mtu aliyefaulu mtihani halafu akakosa gazeti miaka kumi, herufi humtoroka. Bibi hazikumtoroka kwa sababu alikuwa mwizi wa maandishi. Sukari ikifungwa kwa gazeti, alimimina sukari kwenye kopo, akalinyoosha gazeti juu ya goti, akasoma kwa kibatari kidole kikifuata mstari. Mara moja lilikuja na nusu ya hadithi: msichana ametoroka na dereva wa lori, wamefika mtoni, daraja limebebwa na maji. Hapo karatasi imechanwa. Kila usiku alitutungia mwisho mpya. Kuna usiku walivuka, kuna usiku dereva alikuwa na mke ng'ambo.

Huyo ndiye unayemwambia hadithi ni anasa, mkuu. Wenye nacho hawaulizwi kama burudani yao ina manufaa. Maskini tu ndiye kila ukurasa wake lazima umpe mavuno. Na si sisi peke yetu: Kenya mwaka 2013 waliweka VAT ya asilimia 16 hadi kwenye vitabu, kodi ambayo mtoto anayenunuliwa kitabu kimoja kwa mwaka anaisikia zaidi kuliko wa mwenye rafu nzima.

Dawa na vitabu havigombanii shilingi moja kama unavyodhani. Mara nyingi maktaba ipo, imejengwa, ina mtumishi na umeme, ila inafungwa saa zilezile mama lishe na bodaboda wanapomaliza kazi. Ya mjini ninakoishi ilikuwa hivyo, Jumamosi mchana kufuli. Tulilipeleka jambo hili mkutano wa mtaa mara tatu, mara mbili wakacheka. Sasa Jumamosi inafunguliwa hadi saa kumi na mbili jioni. Juma la kwanza tulikuwa wanne: mimi, mlinzi, fundi cherehani na mwanawe. Fundi alichukua kitabu cha hadithi, akaanza kukisoma kutoka ukurasa wa mwisho. Nilipomshangaa akasema anataka kuhakikisha kwanza kama upo.