Yaya aliyeambiwa "leo usije" akiwa njiani: ana ujira?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Nalea watoto kwa mama mmoja Mikocheni, kazi ya kwenda na kurudi; naishi Mbagala. Tulikubaliana Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, elfu kumi kwa siku. Sasa hunitumia ujumbe niko ndani ya daladala: "Leo usije, bibi yao yupo." Juzi nilifika hadi getini, mlinzi akanirudisha. Siku nyingine hunibakisha hadi usiku. Siku za "usije" anazikata, anasema ustadhi mmoja kamwambia ujira ni wa jasho. Je, ni haki? Na chenji ya sokoni ikibaki kwangu, naweza kujilipa?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullah. Hilo neno "jasho" limenikera. Kumkata mnyonge haki yake ni dhulma, kumkata kwa hadithi ya Mtume (s.a.w.) ni dhulma juu ya dhulma.

Hadithi aliyoipokea Ibn Majah kutoka kwa Ibn Umar inasema: "Mpeni mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka." Anayeamrishwa hapo ni mwajiri, na anaamrishwa kuharakisha. Wapi pamesemwa asiyetoka jasho asilipwe? Basi hata huyo mlinzi wa getini, anayekesha kitini, asingedai kitu mwisho wa mwezi.

Wewe umeuza muda wako. Ukijitoa kwa muda huo, na mwenye kazi akaamua mwenyewe kutokutumia, ujira umethibiti. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, katika kitabu chake Minhaj anasema aliyekodi nyumba akakaa nayo mpaka muda ukaisha anadaiwa kodi hata kama hakunufaika nayo. Nani kati yetu husafiri mwezi mzima kisha akamwambia mwenye nyumba, "sikulala, silipi"?

Ni kweli al-Qaffal, mwanachuoni mwingine wa Kishafi, alitofautisha: mtu huru hamilikiwi kama nyumba, kwa hiyo asipotumiwa ujira hauthibiti. Pengine ustadhi kaokota hapo. Lakini Nawawi huyohuyo, katika kitabu chake kingine, Rawdha, ameitaja kauli hiyo na akasahihisha iliyo kinyume chake: aliyejitoa akaachwa bila kazi mpaka muda ukapita, ujira wake umethibiti. Hilo ndilo lililo sahihi zaidi kwetu Mashafi. Kuliacha ili kuokoa elfu kumi ya yaya kuna jina lake, nami nitalinyamazia.

Basi siku ya getini unadai ujira kamili. Siku ya ujumbe wa njiani, nionavyo mimi, ni hivyohivyo: siku zenu zilishapangwa, na Mwenyezi Mungu anasema, "Timizeni mikataba" (5:1). Angekuarifu mapema ukaridhia, ingekuwa habari nyingine. Na siku usiyokwenda kwa udhuru wako mwenyewe, usidai.

Saa za usiku zilipwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa saa ya kawaida.

Ama chenji, binti yangu, usiiguse. Najua watu watakutajia kisa cha Hind, ambaye Mtume alimruhusu kuchukua katika mali ya mumewe Abu Sufyan kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema, na wanazuoni wetu wamejenga hukumu juu yake. Lakini hao wanamzungumzia aliyedai haki yake akanyimwa. Wewe hata hujakaa naye chini. Kisha siku ukishikwa, hakuna atakayeuliza habari za siku ulizokatwa. Utaitwa mwizi, na kazi za ndani hupatikana kwa kupendekezana. Mhesabie chenji mbele yake, hadi shilingi ya mwisho.

Andika siku zako kwenye daftari, na jumbe zake usizifute. Ijumaa, kabla hajatoa pesa, mwambie kwa upole: "Mama, wiki hii ni siku tano." Mpendekezee kwamba akitaka kufuta siku aseme jioni ya kabla yake, na akifuta asubuhi alipe. Akigoma, tuma mtu mzima anayemsikiliza. Huyo bibi wa watoto huenda hata hajui kwamba ujio wake unakukosesha nauli. Ikishindikana kabisa, nenda na daftari lako kwa afisa kazi. Ila usiache kazi kwa hasira kabla hujapata nyingine.

Wallahu a'lam.