Unga wa asali kunata kwenye sprei draya: tatizo liko kwenye uso wa tone

Mkuu mleta mada, umeuliza kama uongeze maltodekstrini (wanga uliovunjwavunjwa) kwa sababu asali yako inaganda kwenye kuta za sprei draya, ule mtambo unaopuliza asali kama matone madogo kwenye hewa ya moto ili yakauke yawe unga. Mimi nahangaika na asali hapa Tabora, na kabla ya hapo nilikuwa kiwanda cha maziwa ya unga. Usiongeze. Utaishia kuuza wanga wenye harufu ya asali, na asali ya miombo haistahili hivyo.

Asali ukiitoa maji, sehemu kubwa ya kinachobaki ni sukari mbili, fruktosi na glukosi. Fruktosi kavu huanza kulainika kwenye nyuzi 5 za Selsiasi hivi, glukosi kwenye 31, wakati hewa inayotoka mtamboni ina nyuzi 70 hadi 90. Punje inagonga ukuta ikiwa bado laini, lazima inate.

Dawa yake ni kuifunika punje kwa protini. Protini ina sehemu zisizopenda maji, kwa hiyo hukimbilia uso wa tone, pale linapogusana na hewa, na kutandaza utando mgumu. Kwa sukrosi (sukari ya kawaida), sodiamu kaseineti, yaani kaseini, protini ya maziwa, iliyofanywa iyeyuke kwenye maji, asilimia 0.5 tu ya vitu vikavu inatosha kuokoa sehemu kubwa ya unga. Asali ni kaidi zaidi, kwa hiyo ongeza kipimo taratibu.

Sasa soma hapa vizuri. Tone linakauka ndani ya sekunde chache na uso wake ni mdogo, kwa hiyo kila kitu ulichotia kinagombea nafasi, mithili ya abiria na siti treni ya Kigoma inapoingia stesheni. Sodiamu kaseineti huwahi kwa sababu molekuli zake ni nyepesi kujikunjua. Kaseini iliyo bado kwenye vibonge vyake vya asili, kama ilivyo kwenye maziwa, ni kubwa na huchelewa. Ile Tween 80 (kemikali ya kuchanganyia mafuta na maji) uliyosema umetia “ili mchanganyiko ulainike” ni ndogo kuliko zote: inafika, inaiondoa protini usoni, halafu yenyewe haijengi utando wowote wa maana. Itoe kabla hujagusa kipimo kingine. Maziwa ya unga yenye mafuta nayo acha, maana mafuta hutokeza juu ya punje na unga unakataa maji kikombeni.

Baada ya kukausha, kwangua ukuta. Ukipata gamba la kahawia linalovutika, protini bado haijashika uso. Ukipata vumbi linalodondoka kwa kugonga tu, umefika. Funga palepale kwenye mifuko ya foili, hasa Novemba hadi Aprili mvua zikiwepo. Na kwenye lebo andika kuna protini ya maziwa, wapo wanaodhurika nayo.